Kitabu cha Siku Saba na Sauti ya Nyuma ya Ukuta

Nilikuwa kwenye ngazi za maktaba, usiku wa manane, nyuma ya mtawa mmoja wa Kifransisko na kijana anayemfuata, taa yao ya mafuta imebaki kidogo izimike. Hapo ndipo tangazo la kubeti lilipoingia masikioni mwangu. Mwanamume akapaza sauti kuhusu mamilioni, ngoma zikadunda, maktaba ikatoweka. Nilivua hedifoni nikajikuta kitandani kwangu Tabata, jasho likinitiririka, feni imesimama kwa sababu umeme ulikatika tangu saa moja. Niliurudia ukurasa ule mara tatu, na hofu iliyokuwa ndani yake haikurudi.

Kitabu chenyewe ni Il nome della rosa cha Mwitaliano Umberto Eco, kilichotoka mwaka 1980. Mimi nilikisoma kwa tafsiri ya Kiingereza ya William Weaver ya mwaka 1983. Kisa kinatokea mwishoni mwa Novemba 1327, katika abasia, yaani monasteri, ya Wabenediktini, watawa wanaofuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyo juu milimani, kaskazini mwa Italia. Watawa wanakufa mmoja baada ya mwingine. Kuna maktaba ambayo haingii mtu ila mkutubi na msaidizi wake, nayo inahusika na vifo hivyo kwa namna ambayo sitaisema, kwa heshima ya atakayekisoma. Mpelelezi ni William wa Baskerville, yule Mfransisko, na anayesimulia ni Adso, novisi (kijana anayejiandaa kuwa mtawa) aliyefuatana naye, ambaye anayakumbuka yote akiwa mzee.

Nilipewa na rafiki aliyesema kimemshinda. Ni kinene, kina Kilatini ambacho hakikutafsiriwa, na mtaa wangu haunyamazi. Chini ya dirisha kuna baa, upande wa pili fundi wa kuchomelea mageti, na bodaboda wana kijiwe chao pale kwenye kona. Nilihitaji kitu cha kuyazuia hayo yote yasiingie chumbani, na muziki ndio uliokuwa ukuta niliomudu.

Nilianza na muziki wa taharuki. Unapatikana kirahisi mtandaoni, saa mbili au tatu mfululizo: fidla zinazotetemeka, besi inayonguruma kwa mbali, kisha ghafla pigo moja la kukushtua. Nilidhani kitabu cha mauaji kinataka muziki wa mauaji. Kwa siku mbili nilifurahi, halafu nikaona ninasoma vibaya.

Muziki wa namna hiyo huwa unajua kitu ambacho msomaji hajakijua. Kwenye filamu ni sawa, kwa kuwa aliyeutunga ameiona picha na anajua ni sekunde gani mlango utafunguka. Kitabuni hakuna sekunde. Siku ya kwanza Adso anasimama mbele ya mlango wa kanisa na kuueleza uchongaji wake kwa kurasa kadhaa: Aketiye kwenye kiti cha enzi, wale viumbe wanne, wazee ishirini na wanne wa kitabu cha Ufunuo. Fidla zilikuwa zikiniambia kuna mtu amejificha. Hakukuwa na mtu, kulikuwa na jiwe tu na kijana anayelitazama jiwe hilo mpaka roho yake inatikisika. Nikakosa subira, nikaruka. Nikaruka pia ule mjadala mrefu wa kama Kristo na mitume wake walimiliki mali au la, nikiuona kama kitu kinachomchelewesha mpelelezi. Alipofika Bernard Gui, mkaguzi wa uzushi ambaye ni mtu wa kweli wa historia, sikuelewa kwa nini watu wazima wanatetemeka mbele yake, kwa sababu yote yaliyowaweka hatarini yalikuwa kwenye kurasa nilizoziruka. Nilirudi mwanzo wa kitabu. Wiki nzima ilikuwa imepotea.

Muziki wa filamu yake ya mwaka 1986, uliotungwa na James Horner, nao niliujaribu usiku mmoja. Ni mzuri. Lakini uliniletea sura za waigizaji, na mimi nilikwisha kuwa na Adso wangu.

Kisha nikakosea upande mwingine. Baba aliniachia mkusanyo wa zilipendwa, na ndani yake Mbaraka Mwinshehe yumo kwa wingi. Lile gitaa la Morogoro linatuliza, nikajiambia litanifaa. Halikunifaa hata kwa ukurasa mmoja, na sababu yake ni rahisi: maneno. Jicho lilisoma Kiingereza, sikio likasikia Kiswahili, na kila mara Kiswahili kilishinda. Mtu akiniimbia kwa lugha niliyonyonya nayo siwezi kumwacha asimame mlangoni, lazima nimkaribishe. Tangu hapo nina sharti ambalo sijalivunja, kwamba ninaposoma sisikilizi maneno ninayoyaelewa.

Sharti hilo lilinisaidia baadaye kwa kitabu cha kwetu, na hapa nitatoka nje ya njia kidogo kwa sababu nakipenda mno. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kilichapishwa mwaka 1960, na Unguja yake, pamoja na mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake, kwetu sisi wa leo imekwisha kuwa historia. Anayetaka kukisoma na taarabu atavutwa kwanza na sauti ya Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Tena ana wimbo juu ya mauaji ya kweli yaliyotokea Unguja, muuaji akavuka bahari kukimbilia bara. Lakini ule hausikilizwi huku unasoma. Ule unakaa kitako, unausikiliza kama unavyosikiliza kesi. Kilichonifaa kwa Bwana Msa ni bashraf, zile ala tupu ambazo vikundi vya taarabu hupiga kufungulia shughuli kabla mwimbaji hajasimama: qanun, udi, fidla, nai. Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, kina bashraf ambazo ukizisikia unaona baraza, kahawa na watu wanaosubiri jambo. Kusubiri ndiko kulikonikaa moyoni.

Nikarudi kwa Adso na swali jipya. Badala ya kujiuliza muziki gani unatisha, nilijiuliza watu hawa walikuwa wakisikia nini.

Jibu nililijua tangu utotoni, sikujua tu kwamba nalijua. Babu yangu, mzaa mama, anaishi kijiji cha jirani na Peramiho, mkoani Ruvuma, ambako Wabenediktini kutoka Bavaria walianza kazi mwaka 1898 na ambako abasia yao ipo mpaka leo. Babu alikuwa katekista. Likizo alikuwa ananichukua akienda huko kwa shughuli zake, na jioni ananiacha nimsubiri kwenye kivuli cha ukuta. Kutoka ndani yalikuja Masifu ya Jioni, sala ambayo watawa huiimba. Sikuweza kushika neno hata moja, maneno yaliishia kwenye matofali, sauti tu ndiyo iliyopita. Sauti nyingi zikienda kama mtu mmoja, zinapanda kidogo, zinashuka, zinanyamaza, zinaendelea. Sikuwa na umri wa kuitafutia maana. Nilijua tu kwamba ikiisha babu atatoka na tutarudi nyumbani.

Kwa hiyo nilinunua bando la usiku nikapakua nyimbo za Kigregori, zile za kale za Kilatini za kanisa, safari hii kwenye simu kabisa, nikaiweka simu kwenye hali ya ndegeni ili tangazo lolote lisinifuate. Nilianza na watawa wa Santo Domingo de Silos wa Hispania, wale ambao mwaka 1994 sauti zao zilivuma dunia nzima. Nao ni Wabenediktini, kama wale wa kitabuni. Nilipunguza sauti mpaka nikawa nasikia karatasi ninapogeuza ukurasa, na kipimo hicho ndicho ninachokitumia hadi leo: sauti ikiifunika karatasi, imezidi.

Nilichogundua usiku ule nitakieleza polepole, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike.

Wimbo wa Kigregori hauna mdundo. Ni mstari mmoja wa sauti, hauna ngoma wala ala, unaenda kwa pumzi na kwa uzito wa maneno. Hakuna kinacholisukuma jicho. Halafu katika zaburi kila mstari umegawanyika sehemu mbili, na katikati waimbaji wote wananyamaza kitambo, kama watu wanaosikilizana kwanza, ndipo wanamalizia nusu ya pili. Baada ya dakika kumi nilikuta ninasoma hivyo hivyo: sentensi, kituo, sentensi. Ule mlango wa jiwe niliokuwa nimeuruka niliusoma wote, na mwisho wake nilikuwa nimeogopa bila mtu kunipigia fidla.

Lakini kubwa zaidi ni kwamba sauti ile haijui kinachokuja. Mtawa mmoja anakutwa amekufa, na saa ya sala ikifika wenzake wanasimama wanaimba, kwa mwendo ule ule wa jana. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inataka zaburi zote 150 ziimbwe ndani ya wiki moja. Kisa cha Eco kinachukua siku saba. Ina maana tangu William anapanda mlima ule mpaka mwisho wa mambo, wale watawa wanaizunguka Zaburi yote mara moja, na mmoja wao katika safu zile ni muuaji, naye anafungua kinywa pamoja na wengine. Nilipolitambua hilo nywele zilinisimama. Hakuna taharuki ya kununuliwa iliyowahi kunifanyia hivyo.

Na kuna jambo moja ambalo msomaji wa Kiswahili analipata bure. Kitabu kimegawanywa kwa siku, na kila siku kwa saa za sala, ambazo majina yake ni ya Kilatini. Mwanzoni Eco ameweka maelezo ili msomaji ajue zinaangukia wapi, maana kwa mtu wa Ulaya wa leo tertia ni saa inayoitwa tisa na sexta ni kumi na mbili, lazima akokotoe. Sisi hatukokotoi. Tertia maana yake ni ya tatu, nayo ni saa tatu asubuhi. Sexta ni saa sita mchana. Nona ni saa tisa alasiri. Tunahesabu kutoka mapambazuko kama walivyohesabu wao. Nilikaa na kitabu mapajani nikacheka kwa furaha. Saa ya mama jikoni ilikuwa ni saa ya Adso.

Ndipo nikaanza kusoma kwa saa zao kadiri kazi ilivyoruhusu. Sura za sala ya usiku, ambayo kwa maelezo ya Eco huanguka kati ya saa nane na nusu na saa tisa, nilizisoma nimeamka usiku wa giza, na wakati huo hata baa imefungwa. Za saa sita nilizisoma ofisini wakati wa chakula. Kila saa niliipa wimbo mmoja nikaurudia, bila kuchanganya. Nilikuwa na mazoea ya kuacha simu ichague yenyewe, na hilo nililiacha kabisa, kwa sababu kila wimbo mpya unapoanza sikio linageuka kuutazama. Wimbo mmoja ukirudiwa mara nane, sikio linauamini na kuacha kuuangalia.

Baada ya sala ya mwisho ya siku, ile ya kabla ya kulala, Kanuni ya Benedikto inakataza mtu kusema neno. Ukimya unakaa mpaka sala ya usiku. Na mambo mengi ya siri ya kitabu hiki yanatokea saa hizo hasa, watu wanapotakiwa wawe vitandani. Nilikuwa nimewawekea wimbo hata humo maktabani usiku. Siku moja nikajiuliza: nani anaimba sasa hivi? Hakuna. Nikazima. Ile sura niliisoma bila kitu masikioni, kwa tochi ya simu, na kila mbwa aliyebweka Tabata alinifanya niinue kichwa. Hapo ndipo hofu iliyokatishwa na tangazo la kubeti iliponirudia, wiki tatu baadaye.

Nilipata pia somo la tarehe. Nilikuwa nimeongeza Misa ya mtunzi Mfaransa Guillaume de Machaut, sauti nne zinazopishana, ajabu ya uzuri. Lakini Machaut aliitunga miongo kadhaa baada ya 1327. Tena Papa aliyekuwa Avignon, Ufaransa, wakati wa kisa hiki, Yohane wa 22, ambaye ugomvi wake na Wafransisko ndio unaoendesha nusu ya kitabu, ndiye huyo huyo aliyetoa amri, mwaka 1324 au 1325, kuwakemea waimbaji wa mtindo mpya waliokuwa wakizikatakata nyimbo za kanisa kwa noti ndogondogo mpaka maneno yasisikike. Kumweka Machaut pale kulikuwa kama kuweka simu ya mkononi juu ya meza ya Bernard Gui. Nilimwondoa kwa huzuni. Sisemi kila msomaji afanye hivyo. Mimi nilipokwisha kujua sikuweza tena kutojua.

Sauti nyingi zilinijia kwa njia nyingine, maana kitabu chenyewe kinachagua muziki mara mbili, zote siku ya sita. Ya kwanza ni usiku, kwenye sala, watawa wanapoimba Sederunt principes, maneno ya zaburi kuhusu wakuu walioketi kumsema vibaya mtumishi wa Mungu. Adso anaeleza jinsi silabi ya kwanza tu, "se", inavyovutwa na kushikiliwa chini huku sauti nyingine zikipanda juu yake. Muziki wa namna hiyo upo: mtunzi Pérotin wa Paris aliyatungia maneno hayo hayo sauti nne, mwishoni mwa karne ya 12, kwa sikukuu ya Mtakatifu Stefano. Ni zaidi ya dakika kumi. Niliusubiri ukurasa ule kwa siku mbili kama mtu anayesubiri mgeni. Usiku wa tarehe yenyewe nilisikiliza ile silabi ikinyooka kama kamba, nikasoma, na mtu mmoja kanisani akaanguka. Sikuona ukurasa ukigeuka.

Ya pili ni saa tatu ya siku hiyo hiyo. Wanaimba Dies irae, wimbo wa misa ya wafu kuhusu siku ile ya ghadhabu, na Adso anasinzia, anaota.

Kufikia hapo nilikuwa nimesafiri kwenda Songea. Ilikuwa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, mvua za kwanza zimeanza. Nilimkuta babu barazani anachambua maharage ya mbegu. "Shikamoo babu." "Marahaba, mchumba," akasema, kwa kuwa siku zote huniita hivyo. Kesho yake, saa tatu barabara, nilikaa karibu naye na kitabu. Sikuvaa hedifoni. Nilitaka na yeye asikie, nikijua alikuwa akiimba Kilatini tangu utoto. Nikauachia wimbo kwenye simu.

Hakufika mwisho wa mstari wa pili. Aliweka ungo chini, akaniita kwa jina langu la ubatizo.

"Zima hiyo. Nani amekufa?"

Nikazima. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni kwa ajili ya kitabu. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema wimbo huo mara ya mwisho aliuimba mbele ya jeneza la baba yake, yeye ni kijana, kabla misa haijabadilishwa kuwa ya Kiswahili. Haupigwi nyumbani ambako watu wanachambua mbegu. Nikaomba radhi. Akaniuliza huyo anayelala kwenye kitabu wakati wenzake wanauimba ni nani. Nikamwambia ni novisi, amechoka, hajalala siku kadhaa, na waliokufa amewaona kwa macho yake. Babu akatikisa kichwa. "Basi huyo ana haki nao," akasema, akauchukua ungo wake.

Tangu siku hiyo sijaupiga tena. Sura ile niliimalizia jioni chini ya mwembe, na ule mstari mmoja na nusu niliokwisha kuusikia ulinitosha.

Siku ya saba ya kitabu ni fupi, na yote ni usiku, baada ya sala ya mwisho. Niliisoma barazani kwa taa ya sola, hedifoni zikiwa ndani ya mkoba. Mvua ilinyesha, ikaacha, matone yakaendelea kuanguka kutoka kwenye bati. Babu alikohoa ndani mara moja. Nilipofunga kitabu kulikuwa bado giza, na kengele ya abasia ilikuwa haijagonga.